Kuhamisha programu ya Linux kwenda Windows: anza na majina ya faili

Niliandika programu kwa lugha ya C kwenye Linux, ya kupanga orodha za makontena yanayoshuka Kilindini. Wakala mmoja wa forodha hapa Mombasa akaitaka, na kompyuta zake zote ni Windows. Kuikompaili kwa MinGW, zana ya kutengenezea programu za Windows, kulinichukua asubuhi moja tu. Baada ya hapo ndipo kazi ilipoanza.

Programu iliita kila orodha kwa saa yake, kama orodha-14:05.txt. Windows haikutoa kosa lolote. Karani wake akafungua folda, akakuta faili iitwayo orodha-14, ukubwa wake baiti 0. "Mwanangu, mizigo yangu i wapi?" Nikamwambia, "Subiri kidogo, ami." Maandishi yalikuwemo. Kwenye diski ya NTFS, yaani mpango wa kawaida wa Windows wa kuhifadhi faili, alama ya : hutenga jina la faili na mkondo wa pili uliomo ndani yake, ambao folda haiuonyeshi. Orodha nzima ilikuwa humo.

Basi tafuta kila mahali programu yako inapotunga jina, uondoe : na ? na *. Usiite faili con, aux wala nul. Hayo yametengwa tangu enzi za DOS, mfumo uliotangulia Windows. Tena kwa kawaida Windows huona MSA.txt na msa.txt ni faili moja, kwa hiyo ya pili itaandikwa juu ya ya kwanza.

Kisha pitia kila fopen, amri ya C ya kufungua faili. Ukiacha herufi b, kwenye Windows kila baiti yenye thamani 10 (alama ya mwisho wa mstari) unayoandika hutanguliziwa baiti yenye thamani 13, na picha za stakabadhi huharibika kimyakimya. Andika "rb" na "wb". Kwenye Linux hazidhuru kitu.

fork, amri ya Linux inayoigawa programu ikazaa nakala yake, kwenye Windows haipo. Cygwin, zana inayoiga Linux ndani ya Windows, huiigiza, ila polepole mno. Mimi nilitumia CreateProcess, amri ya Windows ya kuanzisha programu nyingine, nikampa mtoto (programu hiyo mpya) kila anachohitaji kwenye amri yenyewe, kwa sababu harithi kumbukumbu ya mzazi.

Nami nakusihi usipuuze rename, amri ya kubadilisha jina la faili. Kwenye Linux unaandika faili ya muda, halafu unaipa jina la ile ya zamani, imekwisha. Kwenye Windows hukataa jina likiwa lipo tayari. Tumia amri ya Windows MoveFileEx pamoja na chaguo la MOVEFILE_REPLACE_EXISTING, linaloruhusu kufuta ya zamani, kisha ujaribu huku faili hiyohiyo iko wazi kwenye Excel, maana karani haifungi mpaka saa ya kutoka. Ikikataa, ngoja nusu sekunde urudie. Ikikataa mara kumi, mtajie jina la faili aifunge mwenyewe.