Ratiba ya choo kwa mtoto mwenye mgongo wazi

Mtoto aliyezaliwa na mgongo wazi mara nyingi hahisi haja kubwa inapokuja wala hawezi kuibana, kwa kuwa mishipa ya fahamu ya chini ya uti wa mgongo haipeleki taarifa sawasawa. Kujichafua kwake si uvivu, na kumchapa ni kumwonea.

Chagueni mlo mmoja, tuseme uji wa asubuhi, na dakika 20 hadi 30 baadaye mketisheni chooni kila siku, kwa sababu chakula kikiingia tumboni utumbo mpana huanza kusukuma. Miguu isining'inie: wekeni kigoda chini ya nyayo, magoti yapande kidogo, kisha apulize ndani ya chupa tupu ili tumbo likaze. Msimpe puto, maana wengi wenye hali hii hudhuriwa na mpira wa asili, na glavu za mpira nazo ziepukwe.

Hapa Kigoma ugali wa muhogo na migebuka hushibisha, lakini ongezeni maharage, matembele, papai na maji ya kutosha.

Akianza kutoa choo chepesi kidogo kidogo baada ya siku kadhaa bila choo, msikimbilie dawa ya kuzuia kuhara. Huenda ni choo kigumu kilichokwama, na chepesi kinapenya pembeni. Mpelekeni hospitali, ambako mnaweza pia kufundishwa kusafisha utumbo kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, kwa kipimo atakachopanga daktari. Yajaribuni kwanza kwa kiwiko, kwani mtoto hatasikia yakimuunguza.