Kuvua trauti kwenye vijito vya Mau mvua zinapoanza

Siku ya kwenda mtoni naichagua kwa rangi ya maji. Masika yanapoanza huku Kuresoi, mwishoni mwa Machi au Aprili, vijito vinavyotoka msitu wa Mau hubadilika kwa saa chache tu. Maji yakiwa kama strungi, mawe ya chini bado yanaonekana, beba fimbo ya kuvulia uende. Yakiwa kama chai ya maziwa, baki shambani upalilie viazi. Trauti hataona chambo, na kingo zinateleza vibaya.

Leseni ya kuvua ichukue mapema kwa maafisa wa uvuvi.

Trauti ni mgeni Kenya. Mayai ya kwanza yaliletwa kutoka Uskoti mwaka wa 1905, yakawekwa mto Gura kule Aberdare. Sisi huku tunamvua yule mwenye ukanda wa waridi ubavuni, ambaye asili yake ni Amerika Kaskazini. Anataka maji baridi yanayokimbia. Miti ya kingoni ikikatwa, jua linapiga kijito, maji yanapata joto, na huyo samaki humpati tena. Nimeshuhudia kijito kimoja nilichokipenda sana kikifa hivyo, na bado kinaniuma.

Ukifika, usifunge chambo chochote kwanza. Inua jiwe. Upande wa chini utaona vijifuko vidogo kama punje za mchele, vimejengwa kwa chembe za mchanga na vipande vya vijiti. Kibonyeze kimoja taratibu, atatoka buu mweupe mwenye kichwa cheusi. Hicho ndicho chakula cha trauti mwaka mzima, na nzi wako bandia, yaani chambo cha kutengenezwa kwa ndoana, uzi na manyoya, afanane na huyo. Wangu nawatengeneza mwenyewe: ndoana namba 14, uzi wa kushonea wa kahawia, nyoya fupi la shingo ya jogoo mwekundu, na waya mwembamba wa shaba niliotoa kwenye mota mbovu. Waya ndio unaomzamisha. Kumbikumbi wakiruka baada ya mvua, hapo badilisha, funga nzi mkubwa wa kuelea.

Sasa miguu, maana kwenye kijito cha upana wa hatua mbili samaki hupotea kabla hujarusha. Trauti hukaa kichwa kikielekea maji yanakotoka, akingoja chakula kimjie. Kwa hiyo panda na mto, umfikie kwa nyuma. Misimu yangu miwili ya mwanzo nilikuwa nikishuka na mto, nimesimama wima, nikaona vivuli tu vikikimbilia chini ya mizizi. Mjomba wangu ndiye aliyenikalisha chini akaniambia, "Mwanangu, piga magoti." Alivua hivyo, gambuti zimejaa tope, mita nne tu kutoka kwa samaki. Kivuli chako kisitangulie majini, na usikanyage kwa kishindo, kwa sababu ardhi ya kingoni hupeleka mtikisiko moja kwa moja.

Kurusha mshipi juu ya kichwa sahau, matawi yatakunyang'anya kila nzi uliye naye. Tumia fimbo kama upinde. Toa mshipi usiozidi urefu wa fimbo, shika ndoana kwa vidole viwili ncha yake ikiwa nje, vuta mpaka fimbo ipinde, lenga mahali maji ya kasi yanapokutana na yaliyotulia, achia. Ni hapo penye mpaka trauti hukaa, anapumzika huku chakula kikimpitia puani.

Kisha kaza macho pale mshipi unapoingia majini. Mshipi ukisita hata kidogo, inua ncha ya fimbo, usingoje kuvutwa.

Lowesha mikono kabla ya kumshika, kwani mkono mkavu humtoa ute unaomkinga na magonjwa. Mdogo unayemrudisha usimtupe majini. Mshike chini ya tumbo, kichwa kikielekea mkondo, matamvua yafunguke na kufungika, mpaka apige mkia mwenyewe atoke mkononi.