Asali kwenye kidonda: jinsi ya kuitumia isiishie kuwa sukari tu

Wakuu, tuelewane mapema: kwenye kupambana na bakteria sugu asali ni ya kupaka. Ukiilamba, tumbo linaisaga kama sukari nyingine, haifiki kwenye damu wala mapafu kuua kitu. Ila juu ya kidonda inafanya kazi kweli, hata MRSA, yule bakteria stafilokokasi ambaye dawa nyingi hazimwezi, asali inamuua.

Inavyofanya, ina maji chini ya asilimia 20 kwa hiyo inamnyonya bakteria maji yake, halafu ina asidi, na kubwa zaidi nyuki wanaweka kimeng'enya ambacho kikikutana na unyevu wa kidonda kinatoa haidrojeni peroksaidi kidogo kidogo. Anapigwa kotekote, ndo maana kuizoea inamuwia ngumu. Sasa hicho kimeng'enya moto unakiua, kwa hiyo asali iliyochemshwa au ile inayoanikwa juani barabarani kwenye chupa za maji usiinunue kwa kazi hii, na kupima kwa njiti ya kiberiti achaneni nako jamani, sukari iliyopikwa ikawa nzito nayo inafaulu. Nunua kwa mrina asali unayemjua. Ukipata ile ya hospitali iliyopigwa mionzi ya gama kuua vijidudu bila kuipasha moto, hiyo ndo nzuri kabisa.

Osha mikono, osha kidonda kwa maji safi yanayotiririka. Asali paka kwenye gozi, sio kwenye kidonda maana itachuruzika yote, gozi ya sentimita 10 kwa 10 inataka kama vijiko vinne vya chai. Weka, juu yake gozi kavu, funga bandeji. Itachoma kidogo mwanzoni. Badilisha kila siku, ikilowa kabla ya hapo badilisha hapohapo kwa sababu majimaji yanaipunguza nguvu, na ikigandia ilowanishe kwanza usiivute.

Gundi ya nyuki (propolisi, ile wanayozibia nyufa za mzinga) nayo inaua bakteria ila inawaletea wengi aleji, jaribu kwanza kidogo kwenye ngozi nzima ya ndani ya mkono, chini ya kiwiko.

Kidonda kilichoingia ndani sana, cha kung'atwa na mbwa, wekundu unaosambaa, homa, hapo ni hospitali, na kama umeandikiwa antibiotiki maliza dozi. Mtoto chini ya mwaka 1 asilambishwe asali kabisa, inaweza kumletea botulizimu, ugonjwa wa sumu ya bakteria unaopoozesha misuli. Mama yangu ana kisukari, mguu wake siupaki chochote mpaka nesi auone.