Jinsi ya kuomba faili la shamba la Homestead kutoka Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Marekani

Hati ya umiliki wa shamba la Homestead, yaani ardhi ya serikali kuu ya Marekani iliyogawiwa kwa walowezi waliokubali kuishi pale na kulima, ni karatasi moja tu. Ina jina la mtu, mipaka ya ardhi, tarehe, na jina la Rais lililoandikwa na katibu kwa niaba yake. Anayefuatilia ukoo wa wakwe zake wa Nebraska, au mwanafunzi mwenye kazi ya chuo kuhusu jinsi magharibi ya Marekani ilivyogawiwa, akiipata karatasi hiyo mtandaoni hudhani amemaliza. Bado. Nyuma ya hati kuna faili, na humo ndimo utakamojua nyumba ilikuwa na madirisha mangapi, ekari ngapi zililimwa, nani walisimama ushahidi. Faili hilo huombwa, na mtu yeyote anaweza kuliomba, awe Omaha au Morogoro.

Kabla ya kujaza chochote, jua mwombaji wa wakati ule alipitia wapi, maana namba utakazoulizwa leo zilitoka kwenye meza ya karani wa ofisi ya ardhi.

Sheria ya Homestead ilitiwa sahihi na Abraham Lincoln tarehe 20 Mei 1862 na ikaanza kutumika 1 Januari 1863. Mwenye umri wa miaka 21, au mkuu wa kaya, akiwa raia au ameshatangaza nia ya kuwa raia, na hajawahi kushika silaha dhidi ya Marekani, aliweza kudai hadi ekari 160. Mwanamke asiye na mume aliruhusiwa, mjane vilevile. Mke wa mtu kwa kawaida hapana. Mwombaji alikwenda ofisi ya ardhi ya eneo lake, akajaza ombi, akala kiapo na kulipa ada. Hapo alipewa namba ya ombi. Ikafuata miaka mitano ya kuishi pale na kulima, ambayo mwaka 1912 ilipunguzwa kuwa mitatu. Muda ulipotimia alirudi na mashahidi wawili, akathibitisha, akapewa cheti cha mwisho chenye namba nyingine. Hati yenyewe ilikuja baadaye kutoka Washington.

Kwa hiyo kuna namba mbili, na ni rahisi sana kuzichanganya. Kwa mashamba yaliyothibitishwa kabla ya 1908, unayoihitaji ni ile ya cheti cha mwisho.

Hatua ya kwanza: tafuta hati

Fungua glorecords.blm.gov, tovuti ya idara inayosimamia ardhi ya serikali kuu. Kutafuta ni bure na huhitaji akaunti. Chagua jimbo, andika jina la ukoo, na kaunti kama unaijua. Jina la kwanza liache wazi mwanzoni, kwa kuwa makarani waliandika majina ya Wajerumani na Wanorwe kwa jinsi walivyoyasikia. Kama mwombaji alifariki kabla ya kuthibitisha, hati huenda ikawa kwa jina la mjane wake.

Angalia kwanza kama jimbo lenyewe limo. Makoloni 13 ya mwanzo hayakuwa na ardhi ya serikali kuu ya kugawa, na Texas pia haimo: ilibaki na ardhi yake ilipojiunga na Marekani, kwa hiyo maombi ya huko hupelekwa kwa ofisi ya ardhi ya jimbo hilo. Watu hupoteza muda mwingi hapa.

Mtego mwingine ni mbaya zaidi kwa sababu hauonekani. Sheria ilimruhusu mkulima asiyetaka kungoja miaka mitano anunue shamba lake baada ya miezi sita, kwa dola 1.25 kwa ekari katika maeneo mengi. Tangu 1891 muda huo ukawa miezi 14. Aliyefanya hivyo, hati yake imeorodheshwa kama ya mauzo ya fedha taslimu, chini ya sheria ya 1820, na neno Homestead halimo kabisa. Usiseme huyu hakuwa mtu wa Homestead. Mara nyingi ombi lake la mwanzo limo ndani ya faili la mauzo.

Hatua ya pili: nakili vipimo

Chukua mfano wa Daniel Freeman, anayehesabiwa kuwa mdai wa kwanza kabisa, aliyeandikisha ombi lake huko Brownville, Nebraska, siku ileile sheria ilipoanza. Ardhi yake imeelezwa hivi: nusu ya kusini ya robo ya kaskazini-magharibi, robo ya kaskazini-mashariki ya robo hiyohiyo, na robo ya kusini-magharibi ya robo ya kaskazini-mashariki, sehemu ya 26, township 4 kaskazini, safu ya 5 mashariki.

Inatisha kidogo, lakini hesabu yake ni nyepesi. Township ni mraba wa maili 6 kwa 6 uliokatwa sehemu 36, na safu ni mstari wa township unaotoka kaskazini kwenda kusini. Kila sehemu ni ekari 640, robo yake ni 160, na robo ya robo ni 40. Freeman alichukua 80, 40 na 40. Nakili maelezo yote kama yalivyo, pamoja na jimbo, ofisi ya ardhi, aina ya dai, tarehe na namba ya cheti. Hati za baada ya 1908 zina namba moja ya mfululizo kwa nchi nzima, na hiyo peke yake inatosha.

Hatua ya tatu: tuma ombi

Ingia archives.gov, tovuti ya Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, nenda sehemu ya kuagiza nakala, uchague mafaili ya ardhi. Anayependa posta atumie Fomu NATF 84. Ada huonyeshwa kabla hujalipa. Isome siku hiyohiyo, kwani hubadilika. Jaza fomu moja kwa kila dai. Mtu aliyekuwa na shamba la Homestead na jingine alilopata kwa kupanda miti, chini ya sheria ya 1873, ana mafaili mawili. Mafaili ya Nebraska yameshapigwa picha za kidijitali, basi yatafute kwenye Fold3, tovuti ya kumbukumbu za kale, kabla ya kutoa hela.

Utakachopokea

Hapa ndipo pesa inaporudi. Katika ushahidi wa Freeman wa mwaka 1868, mashahidi wawili waliapa kwamba alikuwa na nyumba ya futi 14 kwa 20, sehemu magogo na sehemu mbao, yenye milango miwili na madirisha mawili. Ekari kama 35 zilizolimwa, banda la kondoo la futi 100, miti 40 ya tufaha na ipatayo 400 ya mipichi. Hakuna hata kimoja cha hayo kwenye hati.

Mafaili ya baada ya 1879 huwa na tangazo la gazetini, pale mkulima alipolazimika kuwataja mashahidi wanne, ambao wawili wao wangetoa ushahidi, ili mwenye pingamizi ajitokeze. Majina hayo yasome kwa makini, kwani mashahidi walikuwa majirani, na mara nyingi mashemeji. Mhamiaji atakuwa na nakala ya karatasi za uraia. Askari wa zamani atakuwa na cheti cha kuachishwa jeshi, maana miaka ya vita ilipunguzwa kwenye ile mitano. Ushahidi usiumeze wote, lakini: wapo walioapa kuwa na nyumba ya 12 kwa 14 bila kutaja kwamba ni inchi.

Usipoona hati yoyote

Huenda mtu wako alishindwa au aliacha. Ukame, nzige na madeni viliwaondoa wengi, na maombi yaliyofutwa nayo yana mafaili. Hayamo kwenye ile tovuti ya hati. Pitia vitabu vya usajili wa ardhi, vilivyomo bure kwenye FamilySearch, tovuti ya wafuatiliaji wa ukoo, ukifuata township na safu. Humo utaona ombi, namba yake na tarehe ya kufutwa. Hapo ndipo namba ya ombi inapotumika badala ya ile ya cheti.

Faili pia halitakuambia nani waliishi pale kabla. Kaunti ya Gage, alikokuwa Freeman, ilikuwa nchi ya Waotoe na Wamissouria. Walibakishiwa eneo kando ya mto Big Blue, na kufikia 1881 wakahamishiwa Oklahoma. Ndani ya Hifadhi ya Nyaraka, mafaili ya Homestead yako kundi la kumbukumbu namba 49. Habari za mataifa ya wenyeji zitafute kundi namba 75, kwa ombi tofauti.

Ukiwa karibu na Washington, nenda mwenyewe. Kadi ya mtafiti ni bure kwa mwenye kitambulisho chenye picha, hata pasipoti ya nje, na unaruhusiwa kupiga picha kwa simu bila mwanga wa flashi.