Kusema "changu" na "chake" kwa Kituruki

Nilipofika Ankara kusoma, nilikuwa nasema benim ev, yaani "yangu nyumba", nikidhani nimemaliza. Mama mwenye nyumba akinisahihisha kila mara: evim! Kumbe umiliki hubandikwa mwishoni mwa kitu chenyewe, kama sisi tunavyosema "mwenzangu" au "mumewe". Ev ni nyumba. Evim yangu, evin yako, evi yake. Benim iweke ukitaka mkazo tu.

Mwenye mali akitajwa hutangulia, na wote wawili hupata alama: Ali'nin evi, yaani "ya Ali, nyumba yake". Kitu kikiishia na irabu, ingiza s: kapı ni mlango, Ali'nin kapısı. Irabu za kiambishi hufuata za neno, sikio litazoea.

Patamu ni hapa. Çocuğun kitabı ni kitabu cha mtoto fulani (k ya çocuk na p ya kitap zimelainika). Ondoa -un, alama ya mwenye mali, ubaki na çocuk kitabı: kitabu cha watoto, yaani aina yake. Mimi niliomba hicho cha kwanza dukani, muuzaji akaniuliza, "Mtoto yupi?"

Na "nina" usiitafutie kitenzi. Param var: pesa yangu ipo. Mwisho wa mwezi, param yok: haipo.