Matanga yameanuliwa: karatasi za kushughulikia

Mimi ndiye msimamizi wa mirathi ya baba yetu hapa Morogoro, na majirani waliofiwa huniuliza waanzie wapi.

Anzieni na tangazo la kifo, yaani karatasi inayothibitisha kifo. Aliyefia hospitali hupewa hukohuko. Aliyefia nyumbani, nendeni kwa mtendaji wa kijiji au kata. Msiondoke kabla ya kulinganisha jina, herufi kwa herufi, na kitambulisho cha NIDA na kadi ya benki. Baba aliandikwa Ramadhani kwenye kimoja, Ramadhan kwenye kingine, na irabu hiyo moja ilitudai hati ya kiapo kwa wakili. Kisha sajilini kifo RITA, wakala wa serikali wa usajili, ndani ya siku 30, mchukue cheti.

Kikao cha ukoo kifanyeni watu wakiwa bado wamekusanyika. Andikeni muhtasari: waliohudhuria, warithi wote, mali, madeni, na jina la mnayempendekeza awe msimamizi, kila mtu asaini. Mjane awemo kikaoni na asikilizwe. Kwetu shangazi ndiye aliyelisimamia hilo, namshukuru mpaka leo.

Kadi ya benki ya marehemu msiiguse, hata kama namba ya siri mnaijua.

Sisi ni Waislamu, na Mahakama ya Mwanzo husikiliza mirathi ya Kiislamu, kwa hiyo tukafungua shauri huko. Huko msimamizi akishateuliwa ana miezi minne ya kupeleka orodha ya mali na madeni, Fomu Na. 5, kisha hesabu ya mirathi, Fomu Na. 6, kwa muda utakaopangwa na mahakama. Benki na mfuko wa pensheni watadai barua ya usimamizi, kwa hiyo toeni nakala mapema na mzigongeshe muhuri mahakamani.