Somo: Kutibu maji ya bomba kabla ya kuyaweka kwenye tangi la samaki

Samaki akifa siku moja au mbili baada ya tangi kubadilishwa maji, chunguza maji kabla ya kutafuta dawa ya ugonjwa. Maji ya bomba hutakiwa kumfikia mtumiaji yakiwa na angalau miligramu 0.2 za klorini kwa lita, ili vijidudu visizaliane humo njiani. Sisi tunayanywa bila shida. Samaki huunguzwa matamvua hata na miligramu 0.1, na bakteria wa kwenye sponji ya filta nao hufa. Bakteria hao ndio huvunja amonia, sumu itokayo kwenye kinyesi cha samaki; wakipungua, amonia hupanda siku zinazofuata, na mwenye tangi hulaumu chakula.

Hatua ya 1: Jua ujazo wa tangi. Zidisha urefu, upana na kina cha maji kwa sentimita, kisha gawa kwa 1000. Tangi la 80 × 35 lenye maji ya kina cha sentimita 36 ni kama lita 100; toa lita 10 za mchanga na mawe, zinabaki 90. Ndoo moja ya lita 20 kila wiki inalitosha.

Hatua ya 2: Pima klorini. Kipimo cha matone cha mabwawa ya kuogelea kinafaa. Kile kinachogeuka waridi (DPD) ni bora, kwa sababu hutenganisha klorini huru na klorini jumla, na tofauti ya hizo mbili ndiyo kloramini, yaani klorini iliyoungana na amonia. Pima kila mara maji yanaporudi baada ya mgao au matengenezo ya bomba, maana siku hizo dozi ya klorini inaweza kuwa juu. Maji ya boza nayo usiyaamini bila kupima: hujui yametoka wapi wala nani ameyatia dawa.

Hatua ya 3: Tengeneza dawa ya kuondoa klorini. Nunua fuwele za thayosalfeti ya sodiamu kwenye duka la kemikali. Yeyusha gramu 25 kwenye maji safi hadi yafike mililita 250. Hapo kila mililita moja ina miligramu 100. Weka kwenye chupa ya rangi nyeusi au kahawia, andika tarehe, na uitupe ikianza kuwa na ukungu au mashapo.

Hesabu yake ni hii: kila miligramu 1 ya klorini inahitaji miligramu 7 za fuwele. Ndoo ya lita 20 yenye klorini miligramu 2 kwa lita ina miligramu 40 za klorini, hivyo inataka miligramu 280, sawa na mililita 2.8. Vuta mililita 3 kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Ukizidisha hadi mara mbili hakuna madhara. Ukipunguza, madhara yapo.

Hatua ya 4: Tibu ndani ya ndoo. Hapa ndipo wengi hukosea: humwaga maji kwanza, kisha hutia dawa tangini, samaki wakiwa wameshayavuta. Tia dawa ndooni, koroga dakika moja, pima tena. Rangi isipotokea kabisa, endelea. Ndoo hiyo iwe ya samaki peke yao, isiguse sabuni wala Jiki.

Hatua ya 5: Linganisha joto. Tofauti isizidi nyuzi 2. Tangi jeusi la plastiki juu ya paa hutoa maji ya moto saa nane mchana, kwa hiyo chota asubuhi.

Hatua ya 6: Mimina taratibu, pampu ya hewa ikiwa inafanya kazi. Sponji ikamulie kwenye maji machafu uliyotoa tangini, kamwe si chini ya bomba.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, nimelaza maji usiku kucha lakini kipimo bado kinaonyesha rangi. Kwa nini?
Ndoo ilikuwa na mfuniko? Klorini hutoka kupitia uso wa maji, kwa hiyo acha wazi na utie jiwe la hewa kwa saa 24. Rangi ikibaki hata hapo, una kloramini, ambayo haiondoki kwa kulazwa. Tumia dawa.

Shikamoo mwalimu. Nimeshamimina bila dawa na samaki wanahema juu. Nifanye nini sasa hivi?
Marahaba. Tia dozi ya tangi zima, si ya ndoo: kwa lita 90 ni mililita 14. Ongeza hewa, zima taa, usilishe leo. Kesho na keshokutwa pima amonia.

Vidonge vya vitamini C vinaweza kutumika?
Unga halisi wa asidi ya askobiki, ndiyo: miligramu 2.5 kwa kila miligramu 1 ya klorini. Vidonge vya kutafuna vina sukari na rangi, viache. Kwenye maji laini (yenye madini machache), unga huu hushusha pH, yaani huongeza uchachu wa maji, hivyo pima.

Nafuga sikilidi wa Ziwa Tanganyika, pH yangu ni karibu 9, na maji yangu yana kloramini. Thayosalfeti inatosha?
Haitoshi, ndugu. Huvunja kloramini na kuacha amonia. Kwenye pH 7, nyuzi 25, sehemu yenye sumu ya amonia haifiki asilimia 1. Kwenye pH 9 ni zaidi ya theluthi moja. Nunua dawa ambayo lebo yake inasema inafunga amonia pia, na ubadilishe asilimia 10 kwa wakati mmoja, mara mbili kwa wiki.

Maji yangu ni ya kisima. Niruke yote haya?
Ruka dawa tu, kama hakuna aliyetia klorini kisimani. Maji ya kisima kirefu mara nyingi huja na hewa chache na kabonidayoksaidi nyingi. Yapigishe hewa saa 24, upime pH kabla na baada. Ile ya baada ndiyo pH yako halisi.